Kanga Mwenye Shingo ya Bata

Chumba nilichopanga kina kuta zilizopakwa rangi ya maziwa, na mwenye nyumba amenikataza msumari. Amenikataza gundi pia, na selotepu, na nilipomuuliza basi picha niitundike kwa kitu gani, akanijibu kwamba yeye hapangishi picha, anapangisha watu. Hata angekubali sijui ningetundika nini. Nimezunguka soko zima nikitafuta kitu cha kunifurahisha macho nikiamka. Kuna maporomoko ya maji. Kuna farasi weupe wanaokimbia kwenye nyasi za kijani kuliko nyasi zozote nilizowahi kuziona. Kuna bakuli la zabibu. Nikienda kwa rafiki yangu nayakuta maporomoko kwake. Nikienda saluni nayakuta saluni. Maji yale yanamwagika katika kila nyumba ya mji huu, na bombani hayatoki.

Nilikuwa nimeshakata tamaa, nimekaa kitandani natazama rangi ya maziwa, ndipo jirani wa nyuma akaanza kusiriba jiko lake. Harufu ya udongo mbichi uliochanganywa na majivu ikaingia dirishani, na kabla sijafikiria chochote utosi ukaniwasha, mahali pale pale ilipokuwa inakaa ndoo. Mwili una kumbukumbu za ajabu. Ya darasani umeyasahau karibu yote, ndoo haukuisahau.

Ndoo yenyewe ilikuwa ya bati, imezibwa kitako kwa lami. Tulikuwa tunakaa Kawajense, nyumba ya tofali mbichi yenye paa la nyasi: baba, mama, dada yangu Vero, na mimi niliyekuwa na umri wa kutumwa. Mama alikuwa ananiita "mama" kwa sababu nilirithi jina la mama yake mzazi, na neno hilo lilinidanganya sana, maana nilidhani mtu anayeitwa mama na mama yake lazima ana cheo fulani ndani ya nyumba. Cheo kilikuwa hiyo ndoo.

Mwaka huo Vero alichumbiwa. Mchumba aliitwa Shija, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia upande wetu na mifugo yao wakajenga mbugani, mbali na mji. Sisi ni Wakonongo, watu wa jembe na mizinga ya nyuki. Ng'ombe tulikuwa tunakutana nao barabarani tu, tunawapisha. Ikakubaliwa kwamba tumbaku ikishauzwa, baba yake Shija ataleta ng'ombe wa mahari, na kuanzia hapo nyumba yetu ikakosa amani. Baba na mama walikuwa na wazo moja, kwamba wageni wasitukute ovyo, lakini kila mmoja alikuwa na ukuta wake kichwani.

Baba alienda mjini akarudi na karatasi imekunjwa kama bomba. Alipoikunjua yalikuwa ni maporomoko ya maji. Naapa ni haya haya. Akayashika ukutani kwa mikono miwili, akageuza shingo kutuangalia, akangoja sifa. Mama akayatazama kwa muda mrefu.

"Hapa ni wapi?"

Baba akasema ni Ulaya, au karibu na huko.

"Tuna ndugu?"

Baba akasema picha haihitaji ndugu. Mama akasema picha ya dukani inamwambia mgeni jambo moja tu, kwamba mwenye nyumba alifika dukani. Yeye anataka mtu akisimama pale uani ajue amefika kwa nani. Na hilo haliuzwi, linachorwa, na udongo ni wa Mungu, haununuliwi. Baba akatundika maporomoko yake ndani, juu ya kiti chake, akasema mvua ikija tutaona ukuta wa nani utabaki.

Kuchora nyumba halikuwa jambo jipya kwetu. Kila kiangazi mama alikuwa anasiriba ukuta wa mbele na kuupaka. Wekundu aliutoa kwenye kichuguu, weusi kwenye masizi ya sufuria, na weupe tuliufuata shimoni kando ya mto. Anachanganya na majivu kidogo na ute wa mlenda ili ushike, halafu anavunja kijiti, anakitafuna ncha mpaka kinakuwa na nyuzi kama brashi, na hapo usimsemeshe. Lakini mwaka wa posa ya Vero alipagawa. Alitaka mzinga wa nyuki juu ya mti. Alitaka majani ya tumbaku yapande pembeni mwa dirisha. Alitaka kanga, wale ndege wa porini wenye madoa, wanaotembea kwa mstari kuzunguka nyumba kama wanakwenda kanisani.

Tatizo la mama ni kwamba alikuwa hamalizi. Asubuhi anachora kanga, mchana anarudi nyuma mpaka kwenye kisima cha jirani, anainamisha kichwa, anakunja uso.

"Huyu kanga ana shingo ya bata," anasema, na hapo hapo anachukua tambara anafuta ukuta mzima, wenye shingo mbaya na wasio nayo. "Mama, ndoo iko wapi?"

Nilikuwa nawapenda wale ndege. Nilikuwa naona uchungu kuwaona wanafutwa, halafu naona uchungu wa pili, wa utosini. Siku hizi nasikia watu wanasema msanii ni mtu wa moyo mwororo. Labda, lakini huyo msanii lazima kuna mtoto anambebea udongo, na mtoto huyo naye aulizwe. Vero alikuwa anapita na beseni la vyombo anasema kwa sauti ya kuchoka, "Mama, wanakuja kuniona mimi au wanakuja kuuona ukuta?" Mama anamjibu kwamba yeye Vero alishamaliza kumtengeneza, ukuta bado.

Halafu ule weupe ukaisha. Tulipokwenda shimoni tukakuta ukingo umeporomoka na shimo limefukiwa. Mama alikaa chini kabisa, mikono kichwani, kama mtu aliyefiwa. Tukarudi njia nyingine, tukipita bondeni, na huko ndiko tulikokuta udongo mweupe ambao sijawahi kuona mfano wake. Ulikuwa mweupe wenye rangi ya majivu kwa mbali, laini, na ukingo wake wote umechongeka vishimo vishimo, umelainika kama vile watu wengi wamepitisha viganja. Mama akafurahi sana. Akanionyesha vile vishimo akaniambia, "Unaona? Wenzetu wanachota hapa. Wanatuficha tu." Mimi nikaweka kidole mdomoni nikamwambia una chumvi. Akasema ni jasho langu.

Weupe ule ukutani ulikuwa unawaka. Mama akapaka nyumba yote chini mpaka usawa wa kichwa chake, safari hii akaridhika na shingo, na watu wakawa wanasimama njiani kutazama. Lakini tukapata balaa la mbuzi wa jirani. Huyu mbuzi, ambaye miaka yote alikuwa hana habari na sisi, ghafla akatupenda. Unamkuta amesimama kwenye kona, uso umegusa ukuta, ametulia kama anasali. Mama anamfukuza na ufagio, anazunguka nyumba anatokea kona nyingine. Mama akaenda kumsema mwenyewe, akasema mbuzi wenu hana malezi. Jirani akasema labda anapenda picha. Wakanuniana mpaka Jumapili. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejiuliza mbuzi anatafuta nini pale. Tungejuaje? Sisi mnyama wetu ni nyuki.

Wakati huo mimi nilikuwa na shida yangu ambayo sikumwambia mtu. Ndani, ukuta wa chumba cha mama, kulikuwa na bibi, yule niliyerithi jina lake. Mama alimchora baada ya kumzika, amekaa anachambua mboga, na kila mwaka alikuwa anasiriba pembeni yake bila kumgusa. Siku moja nilimuuliza kwa nini hamfuti kama anavyofuta kanga. Akanijibu, "Huyu haendi tena popote." Mama alikuwa anajisemea zaidi kuliko kunijibu, sasa naelewa. Lakini mimi nililichukua neno lile kama lilivyo, na maana yake kwangu ikawa hii: mtu akichorwa ukutani hawezi kuondoka. Na Vero alikuwa hajachorwa.

Vero ndiye aliyekuwa akinisuka. Ndiye niliyelala naye kitanda kimoja, mgongo kwa mgongo, na akigeuka nageuka. Kila mtu alikuwa anazungumzia ng'ombe, sahani, vitenge, na hakuna aliyesema waziwazi kwamba mwisho wa mambo yote hayo kitanda kitakuwa cha mtu mmoja. Basi nikamwomba mama amchore Vero. Akasema bibi harusi hachorwi mlangoni kama tangazo. Nikaomba tena, akaniambia nimwache amalize. Nikaikalia ndoo. Niliigeuza kitako juu nikakaa, nikasema sichoti tena, na mama alipovuta ndoo nikavutwa nayo mpaka jikoni, bado nimekaa. Vero alicheka mpaka akaegemea nguzo. Mama hakucheka. Alinitazama, akatazama upande wa barabara, halafu akasema kwa hasira, "Haya. Nitamchora. Na ukome."

Akamchora karibu na mlango, mkubwa kama alivyo, kitenge cha wekundu wa kichuguu, nywele za masizi, na sehemu zote za weupe akaweka ule udongo mpya kwa wingi. Nikamwambia miguu iwe mikubwa. Nikamwambia aizamishe kabisa kwenye mstari wa chini. Akaizamisha. Nikauliza, na mimi je? Akasema mimi sichoreki, situlii. Sikujali. Usiku ule nililala usingizi mzuri, na nakumbuka nilimwonea huruma Shija, atakayekuja na ng'ombe wake wote wale akute mtu ameshapandwa ardhini.

Wakaja asubuhi. Baba alikuwa amejenga zizi la matawi ya miiba nyuma ya nyumba, limeinama kama linataka kusikiliza kitu, na alikuwa amevaa koti. Vero akafungiwa ndani na kina mama wa kanisani kama inavyotakiwa. Baba yake Shija alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, mpole, akatusalimia kwa Kisukuma "mwangaluka", tukaitika vibaya. Nyuma yake vijana wakawa wanawaswaga ng'ombe kupandisha uani kwetu, pembe na vumbi, na Shija katikati yao anajifanya anaangalia ng'ombe huku anaangalia dirisha.

Baba akanyoosha mkono kuonyesha zizi. Ng'ombe hawakulitazama. Yule wa mbele, jike jeupe, aliinua pua, akasimama, halafu akaja moja kwa moja kwenye ukuta wa mama kama mtu aliyeitwa kwa jina. Akatoa ulimi. Sikujua ng'ombe ana ulimi mrefu hivyo. Aliupitisha kutoka kwa kanga wa kwanza mpaka wa tatu kwa mkupuo mmoja, na pale ulipopita pakabaki kishimo laini. Wenzake wakaja. Wakajipanga, matako kwa wageni, na uani kukawa na sauti moja tu, kama wanawake wengi wanaparuza muhogo kwa pamoja.

Mama alitoka na ufagio. Akafika mpaka kwenye mkia wa yule wa kwanza, akauinua ufagio, na ukabaki pale pale juu. Utampigaje ng'ombe wa mahari ya mwanao mbele ya mkweo? Akamwangalia baba. Baba akaangalia koti lake. Vijana wakanyanyua fimbo, na ndipo yule mzee akasema, "Waacheni."

Akasogea ukutani taratibu. Akachomoa kipande kwa ukucha, akakiweka mdomoni. Nilimwona anafumba macho.

"Mkwe," akamwambia mama, "umewawekea chumvi."

Akaeleza, na vijana wake wakawa wanatikisa vichwa, kwamba huko kwao wanatembeza mifugo mwendo mrefu kuitafuta ardhi kama hii, na kwamba ameozesha watoto wengi lakini hajawahi kufika kwa watu waliowafikiria ng'ombe kabla ya kumfikiria yeye. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akasema sasa hana wasiwasi tena huyu binti ametoka mikononi mwa nani.

"Ndiyo desturi yetu huku," baba akasema. Bila aibu yoyote. Na koti lake.

Mama alishusha ufagio. Uso wake nauona mpaka leo. Alikuwa amesifiwa mbele ya watu wote kwa kitu ambacho hakukifanya, huku kile alichokifanya kinaliwa. Na mzee yule, mtu mwema kabisa, akainua kidole kwenye majani ya tumbaku yaliyokuwa juu ya dirisha, mazuri kuliko yote, akauliza kwa heshima, "Na hii nyekundu, mkwe, nayo wanailamba?"

"Hiyo ni picha tu," mama akasema. "Karibuni ndani."

Hapo ndipo nilipomwona yule jike jeupe amefika mlangoni. Alikuwa ameshamaliza miguu ya Vero. Mstari wa chini haukuwepo tena. Alikuwa anapanda na kitenge. Nilipiga kelele ambazo hazikuwa na maneno, halafu maneno yakaja: anamla dada. Nikamkimbilia yule ng'ombe nikamkumbatia shingo nimvute, na yeye akaendelea, akaninyanyua kidogo na kunishusha, kama mtu anayesogeza mto. Wageni wakacheka. Baba akaniita kwa jina langu kamili, jambo ambalo halikuwa dalili nzuri.

Na Vero akatoka. Alikuwa hatakiwi kuonekana, kina mama wa kanisani walimshika nguo, lakini alitoka na kitenge chake kipya, akanitoa kwenye shingo ya ng'ombe mbele ya wakwe zake wote, akapiga magoti.

"Si niko hapa?" akaniuliza.

Nikamwambia miguu yake imeliwa, sasa atachukuliwa.

Hakucheka. Alinitazama usoni, na nadhani alielewa yote, kuanzia ndoo. Akavua viatu. "Miguu yangu hii. Ishike."

Nikakaa chini kwenye vumbi nikaishika. Kisigino chake kimoja kilikuwa na ufa, naukumbuka kwa kidole. Nilisikia tu zile ndimi. Nilishika mpaka mama akanibandua.

Aliolewa. Miguu aliondoka nayo. Ukutani alibaki kuanzia kifuani kwenda juu, kwa sababu ng'ombe hawakufika, na mvua za kwanza zikamaliza waliyoyaacha. Mama hakuchora tena kiangazi kile. Kila wakwe walipotajwa alikuwa anasema, "Walikula kanga wangu wote, wakasema ahsante." Maporomoko ya baba nayo hayakudumu, mchwa walipanda kwa nyuma na siku moja alipoyagusa yakabaki maji bila mwamba. Mimi niligeukia ukuta usiku, hakuna wa kugeuka naye. Watu wazima waliniambia ni upuuzi kufikiri kwamba ng'ombe walimchukua dada yangu. Nimekua, nimelifikiria sana, na bado sioni nilikosea wapi.

Mavuno yaliyofuata tukaenda kumtembelea. Baba alimpakia mama kwenye baiskeli, mimi nikapakiwa na Shija aliyekuja kutupokea, tukaenda jua lote tukipita mashamba na mbuga mpaka nikaanza kusinzia kwenye mgongo wake. Nilizinduka kwa ukimya wa mama. Alikuwa ameshuka, amesimama katikati ya ua, kichwa ameinamisha upande.

Nyumba ya Vero ilikuwa ndogo, ya udongo. Chini yote, mpaka usawa wa kifua cha mtu, ilikuwa nyeupe tupu, bila mchoro wowote, imejaa vishimo laini, na ndama wawili walikuwa pale pale wanaendelea na kazi. Juu ya hapo, mahali ambapo ulimi haufiki, kulikuwa na kanga wanaotembea kwa mstari. Na mbele ya kanga, karibu na mlango, kulikuwa na mtoto wa kike mdogo aliyechorwa kwa masizi, mguu mmoja hewani, mdomo wazi, ndoo kichwani.

Vero alisimama mlangoni, tumbo limeanza kuonekana, anafuta mikono kwenye kitenge. Hakusema karibuni. Alikuwa anamtazama mama kama nilivyokuwa nikimtazama mimi, nikingoja tambara.

Mama alikwenda mpaka ukutani. Alipitisha kidole chini ya yule mtoto bila kumgusa, akapita pembeni, akawafikia ndege.

"Huyu kanga ana shingo ya bata," akasema.

Akavunja kijiti kwenye uzio, akaanza kukitafuna. Kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma kuelekea kwangu.

"Mama, ndoo iko wapi?"